Kalamu Ikigoma, Tafuta Ilipogomea

Kazi yangu ni kusoma miswada kabla haijawa vitabu, na mingi hunifikia ikiwa nusu. Maelezo yanayoambatana nayo hayatofautiani sana: nilikuwa naandika vizuri, nikafika mahali, kalamu ikagoma. Wengine huteremsha sauti na kuongeza kwamba huenda hawakujaliwa kipaji, maana waliojaliwa hawapatwi na haya. Wazo hilo nalipinga kwa nguvu zangu zote, kwa sababu nimeliona likizika kazi nzuri. Mtu asiye na kipaji haandiki kurasa 60 zinazosomeka kisha akashindwa na wa 61. Kama hizo 60 zilikwenda, basi pana jambo limetokea pale mpakani, na ukilitafuta utaliona.

Ndiyo maana swali langu la kwanza ni hili: umekwamia wapi? Watu hunijibu kwa habari za maisha, kwamba kazi zimezidi, watoto wanaumwa, umeme haushikiki. Hayo ni kweli na nitayafikia. Lakini mimi nataka ukurasa. Nataka sentensi ya mwisho uliyoandika ukiwa bado na hamu, na ile ya kwanza uliyoiandika kwa kujilazimisha. Tatizo limelala kati ya hizo mbili. Chapisha kurasa tano za mwisho, keti nazo mbali na kompyuta, uzisome kwa sauti kama unayemsomea mtu. Sikio litakuonyesha pale ulipoanza kujaza maneno, au pale ulipokimbia. Nimewahi kuketi na mwandishi anayesoma hivyo, akafika aya fulani, sauti ikashuka yenyewe, na hatukuwa na haja ya kuulizana tena.

Mara nyingi kuliko zote, hapo pana jambo ambalo mwandishi halijui.

Mwalimu mmoja wa sekondari kutoka bara alikuwa akiandika riwaya ya mjane kijana aliyekimbilia Dar es Salaam baada ya mashemeji kutwaa shamba la marehemu mumewe. Sura za kijijini zilikuwa na uhai wa ajabu. Ugomvi wa kikao cha ukoo ungeweza kuusikia ukutani. Kisha mjane anafika mjini, anaanza biashara ya samaki kwenye soko la Feri, na mswada unafifia ghafla: alinunua samaki, akaenda kuwauza, akapata faida kidogo. Baada ya sentensi hiyo hapakuwa na kitu. Alisema amepoteza msukumo. Nikamuuliza: Mwalimu, samaki hao anawanunua kwa nani? Kwa kilo, kwa ndoo, au kwa fungu? Amekuja na mtaji wa shilingi ngapi, na kaupata wapi? Anaishi mtaa gani hata awahi alfajiri? Wasipokwisha, barafu anaitoa wapi? Hakuwa na jibu hata moja, naye hakuwa amewahi kufikiri kwamba maswali hayo yana uhusiano wowote na kukwama kwake.

Nilimshauri aende Feri kabla jua halijachomoza, asimhoji mtu, atazame tu. Alirudi na daftari limejaa. Alikuwa ameona samaki wakimwagwa na dalali akinadi, bei ikipanda kwa kasi ambayo mgeni haifuati. Alikuwa amewaona wanunuzi wakubwa wakiondoka na mzigo mkubwa kabla wenye vijisenti hawajafungua kinywa. Pembeni akawaona kinamama watatu wakihesabu noti, wakachanga, wakanunua fungu moja la vibua na kuligawana papo hapo juu ya kiroba. Mmoja wao akalalamika kwamba kila siku yeye ndiye anayepewa wale wadogo. Mama huyo ndiye aliyeikomboa riwaya. Mjane wetu hakuweza tena kuanza biashara peke yake. Ilibidi apate wenzake wawili, na wenzake wakapata majina, tabia na madeni, na ugomvi wa mgawo ukazaa sura ambazo hazikuwamo katika mpango wa kwanza. Mwalimu hakuandika kwa sababu hamu imerudi. Hamu ilirudi kwa sababu sasa alikuwa na cha kuandika.

Kwa hiyo ukikwama, chukua karatasi uandike maswali yote kuhusu ukurasa unaofuata ambayo huwezi kuyajibu. Usiandike maswali makubwa ya maana ya maisha. Andika ya bei, ya saa, ya nani ana ufunguo, ya mahakama hukaa siku gani, ya jeneza husafirishwaje kutoka Mwanza hadi Songea. Kila swali lina mahali linapojibiwa. Mengine yapo sokoni, mengine yapo kwa bibi yako, mengine kwenye Nyaraka za Taifa kule Kilimani, Zanzibar, kama hadithi yako ni ya zamani. Mwandishi wa tasnifu naye asijidhanie yu tofauti. Sura ya mjadala ikigoma, mara nyingi data haijachambuliwa vya kutosha, na hakuna ustadi wa sentensi utakaoziba pengo hilo. Rudi kwenye majedwali yako na rekodi za mahojiano.

Sababu ya pili ni hakimu aliyeketi kichwani. Mwaka 1980 Mike Rose, aliyekuwa akishughulika na wanafunzi wenye shida ya kuandika katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alichapisha makala kuhusu wanafunzi 10 wa shahada ya kwanza. Watano walikuwa wakikwama mara kwa mara, watano hawakwami. Waliokwama hawakuwa wajinga, tena baadhi yao walikuwa na alama za juu. Walichokuwa nacho ni kanuni walizozishika kwa ukali kupita kiasi. Mmoja aliamini kila sentensi lazima itoke safi kisarufi na kimtindo mara ya kwanza, kwa hiyo hakuthubutu kwenda ya pili kabla ya kuitakasa ya kwanza. Mwingine alifundishwa kwamba aya ya kufungulia lazima imnase msomaji, akawa anapoteza saa nyingi kwenye aya hiyo moja ilhali hajajua anataka kusema nini. Wale wasiokwama nao walikuwa na kanuni, lakini kanuni isipowasaidia waliiweka kando wakaendelea.

Niliposoma habari hizo niliwaona waandishi wetu wazi kabisa. Wengi wetu tumejifunza Kiswahili chini ya kalamu nyekundu. Insha ilirudi imechanwachanwa kwa sababu ya upatanisho wa ngeli, na hakuna aliyesema neno juu ya wazo lililokuwamo. Mtu wa bara huandika akimwogopa mtu wa pwani atakayecheka. Mtu wa Pemba au Lamu naye huandika akimwogopa mhariri atakayemfutia lahaja yake na kumwekea sanifu isiyo na ladha ya kwao. Nimesoma mazungumzo ya wavuvi yaliyoandikwa kama taarifa ya habari, na mwandishi, alipoulizwa, akajibu kwamba aliogopa kukosea. Huyo hakuwa na ukame wa mawazo. Alikuwa akijifuta kabla hajaandika.

Dawa yake ni kutenganisha kazi mbili ambazo haziwezi kufanywa kwa wakati mmoja. Rasimu ya kwanza ni yako peke yako. Iandike kwa lugha inayokujia, ngeli zikigongana ziache zigongane, neno likikosekana weka mstari uendelee. Peter Elbow, katika kitabu chake cha mwaka 1973 kuhusu kuandika bila mwalimu, alipendekeza zoezi ambalo nimelishuhudia likifanya kazi: tega saa dakika 10, andika bila kunyanyua mkono, bila kurudi nyuma na bila kufuta, hata kama unachoandika ni kwamba huna cha kuandika. Sehemu kubwa itakuwa takataka. Lakini karibu kila mara patabaki sentensi moja iliyo hai, na hiyo ndiyo utakayoanzia kesho. Kuhusu sarufi, usiwe na wasiwasi hata kidogo. Sisi wahariri tupo, na upatanisho wa ngeli ndiyo kazi rahisi kuliko zote tunazofanya. Kilicho kigumu, na ambacho mhariri hawezi kumfanyia mwandishi, ni kuujua moyo wa mhusika.

Kama unaogopa kuchekwa, mkumbuke Euphrase Kezilahabi. Alizaliwa Ukerewe, mbali kabisa na mwambao. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilitoka mwaka 1971 ikazua kelele na kupigwa marufuku shuleni kwa muda. Mwaka 1974 akatoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina na mizani, na watetezi wa arudhi wakamjia juu kwamba huo si ushairi. Aliendelea. Diwani zake nyingine mbili, Karibu Ndani na Dhifa, zilifuata mwaka 1988 na 2008, na leo huwezi kufundisha ushairi wa Kiswahili wa karne iliyopita ukamruka.

Wanaotunga kwa arudhi wana mkwamo wao, na huo ni wa kiufundi kabisa. Kijana anaanza tarbia yake kwa furaha, ubeti wa kwanza unatoka, wa pili unatoka, wa tatu anajikuta akilazimisha maneno ambayo hakukusudia kuyasema, na wa nne anaacha. Kisha anajiita hana kipaji. Ukimtazama vizuri, alichagua bahari ya mtiririko, ambamo vina ni vile vile tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, na akachagua kina cha mwisho chenye maneno machache. Hebu piga hesabu. Shairi la beti 10, lenye mishororo minne kwa kila ubeti, ukiacha kibwagizo kinachorudiwa, linadai maneno 30 yanayoishia kwa kina kile kile. Na hivyo ni vina vya mwisho tu, bado vya kati. Kabla ya kuandika mshororo wa pili, orodhesha maneno pembeni. Ukifika 15 ukaishiwa, badilisha kina mapema, au tunga ukaraguni ambao vina vyake hubadilika kila ubeti. Zipo silabi zinazokufungulia milango: -ni hukupa kila nomino ya mahali, kuanzia moyoni hadi baharini, -na hukupa vitenzi vyote vya kutendana, -sha hukupa vya kutendesha. Na kabla ya yote andika kwa nathari, kwa aya moja, unachotaka kusema. Washairi wengi wanaokwama wanaongozwa na vina kwa sababu hawakuwa na hoja ya kuviongoza.

Sasa niseme juu ya hofu iliyo nzito zaidi, nayo ni ya watu wa nyumbani. Mwandishi anafika sura ambayo mama yake ataisoma na kujitambua. Au mjomba. Au mume wa zamani. Jamii zetu zimejengwa juu ya sitara, na mtu hulelewa akijua kwamba ya ndani hayatoki nje. Kalamu inapogoma hapo usiidharau, kwa maana imeona jambo la kweli. Ushauri wangu ni kwamba kuandika na kuchapisha ni maamuzi mawili, na leo unadaiwa la kwanza tu. Andika sura hiyo yote, kwa ukweli wake wote, ukijua kwamba hakuna atakayeiona mpaka wewe utake. Ikishakwisha utaona mengi yanaweza kubadilishwa bila kuumiza ukweli: mjomba akawa shangazi, Tanga ikawa Mtwara, mhasibu akawa mganga wa zahanati. Nimeona pia mara kadhaa kwamba mtu aliyeogopewa, akiandikwa kwa haki, hutoka kwenye ukurasa akiwa binadamu zaidi kuliko alivyokuwa katika hasira ya mwandishi. Na kama mwisho wa yote utaamua sura isitoke, basi isitoke. Sura inayofuata itakuwa imeshafunguka.

Wapo ambao hofu yao ni ya dola, na hao siwezi kuwaambia watege saa dakika 10. Abdilatif Abdalla alifungwa miaka mitatu nchini Kenya, 1969 hadi 1972, kwa sababu ya kijikaratasi alichokiandika na kukisambaza mwaka 1968, Kenya: Twendapi? Mashairi aliyoyaandika kwa siri gerezani, kwenye karatasi za chooni, yakawa diwani ya Sauti ya Dhiki iliyotoka mwaka 1973. Ngũgĩ wa Thiong'o naye aliandika riwaya kwenye karatasi kama hizo akiwa kizuizini Kamiti mwaka 1978. Sipendi kuwatumia watu hawa kumkemea mtu aliyekwama sebuleni kwake, eti mbona wenzako waliweza. Mateso si njia ya kujifunza uandishi. Lakini kuna jambo moja la kujifunza kwa Ngũgĩ, nalo ni la lugha. Riwaya hiyo, ambayo Waswahili tunaijua kama Shetani Msalabani, ndiyo ya kwanza aliyoiandika kwa Kikuyu, baada ya riwaya zake zote za awali kuandikwa kwa Kiingereza.

Hili la lugha linawakwamisha wengi kuliko wanavyotambua, hasa wanafunzi. Katika vyuo vingi vya Tanzania, nje ya idara za Kiswahili, tasnifu huandikwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi anaijua hoja yake. Mwulize mkiwa kwenye daladala, atakueleza kwa Kiswahili kuanzia Ubungo hadi Kariakoo bila kusita. Akiketi mbele ya kompyuta, kila sentensi inamtaka apigane vita viwili, kutafuta wazo na kutafuta Kiingereza chake, na anashindwa vyote viwili. Basi pigana kimoja kimoja. Andika sura nzima kwa Kiswahili, au kwa mchanganyiko unaouzungumza na wenzako mkahawani, mpaka hoja isimame. Kisha uigeuze. Wasimamizi wengine watakuambia unapoteza muda. Mimi nasema anayepoteza muda ni yule aliyekaa mwezi mzima na aya mbili. Na wewe mwandishi wa riwaya ambaye wahusika wako wangezungumza Kisukuma au Kigiriama, waache wagombane kwanza kwa lugha yao kwenye daftari. Utashangaa jinsi Kiswahili chao kitakavyokuwa na nguvu baadaye.

Nilisema nitafika kwenye maisha. Shaaban Robert aliishi sehemu kubwa ya utu uzima wake akiwa karani wa serikali, kwanza katika forodha na baadaye katika ofisi nyingine, na vitabu vyake vingi viliandikwa pembeni ya kazi hiyo. Mwingereza Anthony Trollope alikuwa mtumishi wa posta. Aliamka kila siku akaketi mezani saa 11 na nusu alfajiri, akaweka saa mbele yake, na kujidai maneno 250 kila robo saa. Hesabu yake ni kali mno kwangu na sidhani inamfaa mtu anayeamka saa hizo hizo kuwahi foleni ya Mbagala. Lakini kuna sehemu ya mpango wake ambayo watu huisahau: nusu saa ya kwanza hakuandika, alisoma alichokiandika jana yake. Hiyo ichukue. Inakurudisha kwenye sauti ya kitabu chako bila kulazimisha. Iunganishe na desturi ya Ernest Hemingway, aliyekuwa akiacha kuandika wakati bado anajua kitakachofuata, ili kesho asianzie kwenye utupu. Watu wengi hufanya kinyume. Huandika mpaka waishiwe kabisa, wakaondoka na uchovu, na uchovu huo ndio unaowangoja kesho mezani.

Muda mfupi wa kila siku hushinda Jumamosi nzima ya kusubiriwa. Nusu saa inatosha, mradi iwe na mlango. Simu ikae chumba kingine, na ninaposema chumba kingine sina maana ya kuifudikiza mezani. Weka daftari na kalamu karibu kwa ajili ya siku ambazo umeme umekatika, kwani nimeona mgao ukigeuzwa sababu ya wiki nzima wakati mshumaa na taa ya chemli vipo ndani.

Lakini lazima niseme jambo kwa uwazi kuhusu wanawake wanaoandika, maana makala nyingi za ushauri hulikwepa. Mwanamke anayetoka kazini, akapika, akasimamia masomo ya watoto, akamhudumia mama mkwe, kisha akafungua kompyuta saa 5 usiku na kukuta kichwa hakina kitu, hajapatwa na ugonjwa wa waandishi. Amechoka, na uchovu wake umetengenezwa na wengine ndani ya nyumba. Zoezi la dakika 10 halitamtibu. Kinachohitajika ni kikao na watu wa nyumbani, na saa moja ambayo watoto wanajua kwamba wa kuulizwa ni baba. Waume wanaosoma hapa, hili ni lenu. Kama mke wako ana mswada, mchango wako mkubwa kwa fasihi ya Kiswahili ni kuosha vyombo.

Pia kuna ukavu unaopita kalamu. Ukiona huandiki, na tena huli, hulali au unalala kupita kiasi, hukutani na watu uliokuwa ukiwapenda, na hata sala imekuwa nzito, hilo linaweza kuwa sonona. Nenda hospitali ukaonane na daktari. Msiba nao una muda wake. Aliyezika mzazi au mtoto asidaiwe kurasa.

Nirudi kwenye meza. Kuna njia moja ninayoipenda kuliko zote, hasa kwa mtu ambaye anajua anachotaka kusema lakini kila akianza anajikuta anahutubia. John Steinbeck, alipokuwa akiandika riwaya yake East of Eden mwaka 1951, alianza kila siku ya kazi kwa kumwandikia barua mhariri na rafiki yake, Pascal Covici. Barua aliiweka kurasa za kushoto za daftari, riwaya kurasa za kulia. Katika barua alilalamika, alipanga, alieleza sura ya siku hiyo itakwenda wapi, mpaka mkono ukachangamka akahamia upande wa pili. Kwetu sisi jambo hili ni rahisi kuliko lilivyokuwa kwake, kwa kuwa tunaandikiana mchana kutwa. Fungua WhatsApp, mchague mtu mmoja anayekupenda na asiye mwandishi, dada yako kwa mfano, umweleze sura iliyokwama kama unavyomweleza habari za mtaani. Au mrekodie ujumbe wa sauti. Kisha, badala ya kutuma, usikilize mwenyewe na uunakili neno kwa neno. Utakuta umeanza mahali tofauti na ulipokuwa ukijilazimisha kuanzia. Mswada ulianza na historia ya kijiji, ujumbe wa sauti umeanza na, "Dada, unajua yule mzee alikataa kushuka kwenye gari?" Anzia hapo.

Tahadhari moja tu kwa njia hii: usimsimulie kila mtu. Nimewaona waandishi waliosimulia riwaya yao barazani mara nyingi, wakasifiwa, wakacheka pamoja na wasikilizaji, na hatimaye hawakuona tena sababu ya kuiandika.

Halafu kuna mswada unaogoma kwa sababu umekosea kuzaliwa. Umeulizia habari zote, umemnyamazisha hakimu, umepata saa yako, na bado kila sura inatoka bila damu. Hapo uwe na ujasiri wa kuuweka kando kwa mwaka, au kabisa. Pengo la miaka kati ya kitabu na kitabu si aibu: Adam Shafi alichapisha Kuli mwaka 1979, na Vuta N'kuvute ikatoka mwaka 1999. Kati ya Gamba la Nyoka ya Kezilahabi, iliyotoka 1979, na Nagona ya mwaka 1990 hapakuwa na riwaya yake nyingine, na Nagona ilipokuja haikufanana kabisa na zile za mwanzo. Msomaji anayeshika vitabu hivyo leo hahesabu miaka iliyopita kati yake. Wala wewe usiihesabu kwa kujilaumu, mradi uwe unasoma, unatazama watu, na unaandika chochote kidogo kwenye daftari.

Mwishowe, jipatie tarehe inayotoka nje yako. Ahadi ya kujiwekea mwenyewe huvunjika kimyakimya. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu na Tuzo ya Safal-Cornell ya Kiswahili hupokea miswada ambayo haijachapishwa, na siku ya mwisho ya kupokea imewasukuma wengi kumaliza sura walizokuwa wakizizunguka. Kama tuzo ni mbali, mwombe msomaji mmoja. Mpe sura ile iliyokukwamisha kabla ya Ijumaa, na usimwulize kama ni nzuri. Mwambie aweke alama ya kalamu mahali alipoanza kuchoka, akurudishie.